Kona Isiyolimwa

Msumari ulikuwa wa mviringo.

Wilf Borrill aliugeuza kiganjani, akaulamba kuutoa tope kama walivyofundishwa, akautazama tena. Kutu ilikuwa imeuvimbisha mpaka ukafanana na kidole cha mgonjwa, lakini pale alipoupasua kwa mwiko, katikati palibaki uzi wa chuma, laini, sawasawa toka kichwani hadi nchani. Akakaa kitako kwenye tope, kando ya mifupa ya mtoto mchanga aliyoifukua kwa mikono yake mwenyewe siku ya Jumanne.

Watu wa miaka mia saba iliyopita hawakuujua msumari wa mviringo. Wao walifua mmoja mmoja kwa nyundo, ukatoka na pembe nne. Huu ulikatwa kwenye waya uliovutwa kwa mashine, na waya haukuwa na siri kwa Wilf. Miaka ishirini na tatu alisimama kwenye kinu cha kuvuta waya, na angeweza kukuambia kwa kidole, macho yamefungwa, waya umepita tundu namba ngapi.

"Mwenyekiti," sauti ikamfikia kutoka juu ya handaki. Alikuwa Ossie Dawber, mwenzake wa kinuni, ambaye hakuacha kumwita mwenyekiti ingawa tawi la chama cha wafanyakazi lilikufa pamoja na kiwanda. "Umekalia karne ya kumi na tatu na suruali ya sokoni. Daktari akikuona atazimia."

"Ossie, shuka. Huu msumari ni wa lini?"

Ossie alishuka akiwa na kikombe cha chai. Hakuhitaji kuushika. "Huo? Huo ni wetu. Inchi moja na nusu, wa kufungia masanduku." Akacheka. Kisha akatazama ulikotoka, akaacha kucheka.

Namna walivyofika kwenye shimo lile ni jambo la kusimuliwa, maana wapo wanaopenda lisahauliwe. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1980, wanaume elfu mbili waliambiwa waende nyumbani wakatunze bustani. Wilf akatunza bustani miaka minne. Halafu serikali ikabuni mpango: wasio na kazi wapewe shughuli kwa mwaka mmoja, si siku moja zaidi, ili kwenye takwimu waonekane wanafanya kitu. Wengine walipaka rangi kumbi, wengine walizibua mitaro. Wilf na wenzake kumi na wanne walipewa miiko na ndoo, wakapelekwa kwenye shamba la Kanali Aldous kufukua kijiji cha kale cha Osgarth kabla barabara mpya haijapita juu yake.

Osgarth ya leo iko mwendo wa dakika kumi, ina kanisa, baa na duka moja. Osgarth ya kale ilikuwa hapa, chini ya majani. Haikufa kwa tauni, hata kama kibao cha barabarani kinasema hivyo. Watu walitolewa nyumbani mwao siku moja ya masika, mapaa yakavutwa chini kwa kamba na ng'ombe, ili kondoo wa bwana wapate mahali pa kula. Bwana yule aliitwa Aldous. Mwenye shamba mwaka wa 1984 naye aliitwa Aldous. Miaka mia tano, na hati ya ardhi haijaona haja ya kubadili jina.

Mkuu wa uchimbaji, Daktari Adrian Lyle, alikuwa msomi wa miaka thelathini na moja, mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Alimwita Wilf "Bwana Borrill" hata kwenye mvua, na Wilf alimpenda kuliko alivyotaka kukiri. Ni Lyle aliyechagua pa kuchimba. Shamba lote lilikuwa limepigwa trekta mpaka misingi ya nyumba ikasagika unga, isipokuwa kona moja ya mashariki, pale kijiji kilipoishia kwenye mtaro wa mpaka. Kona ile, upana wa nyumba mbili, hakuna jembe lililowahi kuigusa.

"Kuna mkulima mmoja mwenye busara aliyeiacha," Lyle aliwaambia siku ya kwanza. "Ningejua ni nani ningempa mkono."

Wilf alijua ni nani. Dereva wa trekta ya Kanali alikuwa Amos Borrill, baba yake. Mwaka wa 1958 Kanali aliagiza malisho yale yageuzwe shamba la ngano, na kila vuli tangu hapo, mpaka alipostaafu, Amos alipindisha trekta akaiacha kona ile. Msimamizi alimtukana kwa ajili yake, mara mbili karibu amfukuze. Amos hakujibu neno. Wilf alidhani ni ubishi wa mzee, akaona haya kidogo, hakumwambia Daktari.

Halafu Jumanne ile. Mvua ilikuwa imewachelewesha, na Wilf akafanya kosa ambalo mchimbaji yeyote wa mambo ya kale hulijua na hulitenda. Ukishuka, unapaswa kushuka kwa unene wa kidole, ukitazama rangi ya udongo, maana shimo lililozibwa halina alama nyingine ila rangi, na mahali linapoanzia juu ndipo panapokuambia umri wake. Wilf alichukua sululu akashusha kiganja kizima kwa mkupuo. Alipofika kwenye udongo wa njano akaona doa jeusi, refu kama mkono hadi kwenye kiwiko. Mdomo wa shimo alikuwa ameshausukumia kwenye toroli. Ndani ya doa mlikuwa na mifupa myembamba kama ya ndege, na kando ya fuvu kigae cha chungu chenye rangi ya kijani.

Kigae kile ndicho kilichowadanganya wote. Lyle alipiga magoti, akakitazama, akatazama mifupa, machozi yakamlengalenga. "Karne ya kumi na tatu," alisema taratibu. "Bwana Borrill, huyu hakubatizwa. Kanisa lilimkataa, wakamzika ukingoni mwa kijiji. Maishani mwangu sijawahi kuona mmoja aliye mzima hivi."

Mifupa ikapewa namba: 214. Hema dogo likasimamishwa juu yake. Vidonge vya udongo wenye kutu vilivyoizunguka vikawekwa kwenye trei vingojee kusafishwa, na tangazo likabandikwa dukani: Alhamisi saa nane mchana, wanakijiji wote wanakaribishwa kumwona mtoto wa Osgarth kabla hajainuliwa kupelekwa ghala la makumbusho. Mpiga picha wa gazeti naye atakuwapo.

Wilf mwenyewe ndiye aliyempelekea mke wake habari. Thelma alikuwa akimenya viazi. Alisimamisha kisu.

"Mchanga kabisa?"

"Wa kuzaliwa tu."

"Nitakuja kumwona," alisema Thelma, akaendelea kumenya.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, saa ya chai, na Wilf alikuwa amekaa kwenye tope na msumari wa kinu chake mwenyewe mkononi.

"Ni wa fundi wa uzio," alisema Ossie. "Ulidondoka, fuko akaushusha chini."

"Fuko kumi na wawili?" Wilf alinyoosha mkono kwenye trei. Alishapasua vidonge kumi na viwili, na kumi na viwili vilikuwa misumari. Vilibaki viwili vidogo, na hivyo havikuwa na kutu nyekundu. Vilikuwa na ukoga wa kijani.

Alikipasua cha kwanza. Ndani mlikuwa na skrubu ya shaba ya njano, fupi, yenye kichwa cha kuba kama nusu ya pilipili manga.

Alikaa akiitazama. Baridi ilimwanzia kwenye vidole vya miguu ikampanda taratibu kama maji yanavyojaa handaki, ikamfika magotini, kiunoni, kooni.

Machi 1957. Banda la nyuma ya nyumba ya Amos, mbao za sanduku la majani ya chai, misumari aliyoitoa kazini mfukoni mwa koti. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na msumari wa tatu aliupinda. Hakuwa na kitu cha kufungia kifuniko, na kukipigilia misumari hakutaka, hakutaka kelele ile juu ya kichwa cha mtoto. Akaingia ndani akafungua skrubu mbili za shaba nyuma ya redio waliyopewa kwenye harusi.

Juu chumbani Thelma alilala akitazama ukuta. Mkunga alikuwa amemfunga kwa taulo mtoto aliyezaliwa amekufa, akamtoa kabla mama hajamwona. Ndivyo walivyofanya siku zile, wakaita huruma: asichokiona mama hatakililia. Wilf alimpokea, akamlaza, akafunga. Halafu Amos akalichukua sanduku kwapani, chini ya koti, akaenda nalo kanisani kwa miguu. Jioni aliporudi alivua kofia, akasema, "Amelala salama. Ukutani, upande wa kaskazini."

Tangu hapo kila Machi Thelma alipeleka maua ya njano kwenye ukuta ule wa makaburi ya kanisa, upande wa kaskazini. Miaka ishirini na saba. Hawakupata mtoto mwingine.

"Wilf," alisema Ossie. "Wilf, rangi imekutoka. Nini?"

"Ni wangu."

"Nini chako?"

"Huyu."

Kikombe cha Ossie kilianguka na mwenyewe hakujua. Alitazama mifupa, akamtazama Wilf, akavua kofia, kisha kwa aibu akaivaa tena, kama mtu asiyejua yuko kanisani au kazini.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuambia kama ndugu, halafu unaweza kunipiga. Vitie mfukoni hivyo. Ukisema, polisi wanakuja, shimo linafungwa, na wote kumi na watano tunarudi kwenye foleni ya posho ya wasio na kazi. Lakini hilo si kitu. Shemeji je? Anaamini yuko ukutani. Mwache aamini."

"Na yeye?" Wilf alionyesha kwa kidevu.

"Yeye hajui."

"Saa tisa atakuwa kwenye boksi la karatasi, Ossie. Namba mia mbili kumi na nne. Watoto wa shule wataletwa wamtazame."

Ossie aliokota kikombe, akapanda ngazi. Juu akageuka. "Nimesema kama ndugu," alirudia.

Wilf alivitia mfukoni, misumari na skrubu zote mbili. Hakuwa ameamua, mkono ndio ulioamua. Kutoka hapo mpaka saa nane hakukumbuka alifanya nini, ingawa wenzake walisema alisukuma toroli kama kawaida, akala mkate wake, akaulizwa saa akajibu. Kichwani mlikuwa na kitu kimoja: trekta inapinda. Kila vuli, trekta inapinda, na msimamizi anatukana, na Amos, ambaye aliwahi kumwambia Kanali usoni kwamba mshahara wake ni wizi, anameza matusi kimya. Mzee alikuwa ameyabeba haya peke yake hadi kaburini. Na kwa kuilinda kona ile asiilime, ndiye aliyemleta Daktari Lyle moja kwa moja juu yake.

Saa nane walikuja watu kama ishirini, wenye viatu vya mpira na makoti ya Jumapili, wakasimama kwenye mbao kuzunguka handaki. Thelma alikuwa mbele, amevaa kofia yake ya bluu. Kando yake alisimama Bibi Gladys Kirkby, mjane wa mchimba makaburi wa kanisa, miaka themanini na kitu, akiegemea fimbo. Lyle aliondoa hema.

Watu wakanyamaza. Mifupa ilikuwa midogo mno kwa kimya kile.

Lyle alisema vizuri, lazima tukubali. Alisema huyu alizaliwa amekufa, na sheria ya kanisa ya wakati ule haikumpa nafasi kwenye ardhi takatifu. Kwa hiyo watu wake, maskini wa Osgarth, walimleta hapa, mpakani, mwisho wa kijiji, wakamzika wenyewe bila maombi ya mtu. "Hatutajua majina yao," alisema. "Lakini tunajua walimlaza kwa uangalifu."

"Samahani, Daktari," alisema Thelma. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kuuliza mbele ya watu. "Mama yake alijua yuko wapi?"

"Nadhani alijua, Bi. Borrill. Nyumba ilikuwa hatua kumi kutoka hapa. Angemwona kutoka mlangoni."

"Basi alikuwa na bahati," alisema Thelma.

Hapo Wilf akashuka kwenye handaki. Alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajajua kwamba anasema.

"Desturi umeisema sawa, Daktari. Karne tu umekosea."

Lyle alitabasamu, akidhani ni utani. "Bwana Borrill?"

Wilf alimmwagia misumari kwenye kiganja. Kumi na miwili. Lyle aliitazama, akaupeleka mmoja karibu na jicho, na rangi ikamtoka usoni kama nguo inavyofuliwa. Msomi ni msomi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alitazama ukuta wa handaki, akatafuta mahali shimo lilipoanzia, akaona hapakuwa na kitu kwa sababu sululu ilikwisha kupita, akafumba macho.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Ubavuni mwake. Pande zote."

"Kigae kile..." alisema Lyle. "Kilikuwa kwenye udongo tu. Kilikuwapo tayari. Mungu wangu, nimekuwa mjinga kama mwanafunzi. Bwana Borrill, lazima niite polisi. Ni sheria. Huyu ni wa juzi."

"Wa juzi," alikubali Wilf.

Mpiga picha wa gazeti alinusa habari, akainua kamera. Ossie akaweka kiganja juu ya kioo chake, bila ghadhabu. "Kapige picha ya kondoo, kijana," alisema. "Huku kuna watu."

Wilf alimtazama mke wake. "Thelma, shuka twende pembeni."

"Sema hapa hapa."

"Thelma."

"Nimesema hapa hapa, Wilf. Umekuwa kama maiti tangu nifike. Sema."

Alinyoosha mkono akamwonyesha zile skrubu mbili. Alizisugua kwa kidole gumba, na chini ya ukoga shaba ikang'aa kidogo.

Thelma alizitazama muda mrefu. "Hizi ni za redio," alisema hatimaye, kwa mshangao mdogo, kama mtu aliyekuta kitu chake kwenye nyumba ya jirani. "Zilipotea. Nilifunga mgongo wa redio kwa kamba mpaka tulipoitupa." Kisha macho yake yakashuka kwenye mifupa, yakarudi kwenye skrubu. "Ulizipeleka wapi, Wilf?"

"Kwenye sanduku lake."

"Hapana."

"Nililitengeneza mimi."

"Hapana," alisema Thelma, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Yeye yuko ukutani."

Trekta ilikuwa ikinguruma mbali, upande wa pili wa kilima.

"Baba alisema ukutani," alisema Wilf. "Aliniambia mimi, nikakuambia wewe."

"Hukwenda naye?"

"Nilikuwa kazini. Zamu ya saa nane."

"Uliingia zamu."

"Walisema nisipoingia..."

"Najua walivyosema." Uso wake haukuwa na kitu, ulikuwa kama sahani iliyooshwa. "Nimepeleka maua kwa nani basi? Kwa mawe?"

Bibi Kirkby ndiye aliyejibu, na hakuna aliyemtaka ajibu. "Kasisi alimrudisha," alisema, akitazama fimbo yake. "Kasisi Canning, yule wa zamani. Amos alikuwa amewagomesha vibarua wa Kanali mwaka uliotangulia, kabla ya mavuno, na Kasisi alikuwa akila mezani kwa Kanali kila Jumapili. Mume wangu alikwisha kuchimba shimo pale ukutani. Alikuwa amesimama na koleo. Kasisi akasema hana ruhusa ya kumpokea, akamwambia mume wangu alifukie, akampeleka akafyeke majani. Amos akaondoka na sanduku lake."

Thelma aligeuka taratibu. "Ulijua."

"Nilijua hakuzikwa pale. Alikozikwa sikujua."

"Umeniona na maua."

"Ndiyo."

"Kila Machi. Ukanisalimia ukutani. Mwaka juzi ulisifu maua."

"Ndiyo, mpenzi," alisema Bibi Kirkby. "Mwaka wa kwanza nilitaka kukuambia. Wa pili nikaona nimechelewa. Baadaye ikawa kila mtu anajua na hakuna wa kuanza."

Kila mtu. Wilf aliinua macho akaona nyuso zile kwenye mbao, na nusu yake zilikuwa zimeinamia viatu. Mwenye baa. Yule wa duka, aliyemuuzia Thelma maua miaka ambayo bustani haikutoa. Watu wale wale ambao yeye, Wilf Borrill, alisimama mbele yao kwenye mikutano akawaambia kwamba mnyonge ana kitu kimoja tu, ni mnyonge mwenzake. Hasira aliyokuwa amewawekea Kasisi na Kanali, ambayo aliitunza vizuri kama mtu anavyotunza mbwa mkali, ilitoka mbio ikakosa pa kuuma. Kasisi alikuwa amekufa. Hawa walikuwa hai, na walikuwa jirani zake, na waliona huruma.

Thelma alivua kofia akampa Ossie ashike. Kisha akakanyaga nje ya mbao na kushuka handakini na viatu vyake vya Jumapili, akikwaruza ukuta ambao Lyle alitumia wiki nzima kuulainisha. Lyle alifungua mdomo, akaufunga. Alijisogeza kando kumpisha.

Alipiga magoti. Hakugusa mifupa. Alikitoa kile kikaratasi cha namba kilichofungwa kwenye msumari wa kupimia, akakikunja, akakishika.

"Alikuwa na nywele?" aliuliza.

"Nyeusi," alisema Wilf. "Nyingi."

"Nyeusi," alirudia Thelma. "Za mama yangu."

Wilf alitaka kumgusa bega. Mkono ulifika nusu ya njia, ukakaa pale hewani, ukarudi.

Daktari Lyle alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi kwenye simu ya shamba. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Bibi Kirkby alikuwa wa mwisho. Alisimama akisubiri labda aitwe, hakuitwa, akaenda. Wachimbaji kumi na watatu walikaa kwenye kibanda cha zana wakavuta sigara, na kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze hakuna aliyefanya mzaha. Walijua kesho hakuna kazi. Hakuna aliyelitaja hilo.

Polisi alikuja baada ya saa moja, konstebo mwenye umri wa kustaafu, kofia kwapani. Lyle alimweleza yote njiani, na akafika akiwa mpole. Alitoa daftari. Alisema atalazimika kumwarifu mkaguzi wa vifo, kwamba ni utaratibu tu, kwamba mtoto atarudishwa kwao baada ya siku chache, na wao ndio watakaoamua pa kumlaza. Kasisi wa sasa ni mtu mwema, alisema. Asingekataa.

"Hatumwombi," alisema Thelma.

Konstebo alikohoa. "Kuna maswali machache ya fomu, mama. Jina la marehemu?"

"Hakuwa na jina," alisema Wilf haraka, amwondolee mke wake mzigo huo. "Siku zile cheti chao hakikuwa hata na nafasi ya..."

"Hester," alisema Thelma.

Kalamu ilisimama. Wilf alimtazama mke wake mgongoni, shingo yake, kifungo cha koti alichokishona mwenyewe juzi. Miaka yote hiyo ya meza moja na kitanda kimoja, na alikuwa nalo jina. Alikuwa akimenya viazi nalo. Alikuwa akilipeleka ukutani kila Machi na kurudi nalo nyumbani, na yeye amekaa pale akisoma gazeti.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuuliza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake mvua imeanza.

Konstebo aliandika jina, akasubiri kidogo, akamgeukia Wilf. "Na wewe, mzee, una uhusiano gani na marehemu?"

Wilf alikuwa amehutubia watu elfu mbili kwenye lango la kiwanda bila karatasi. Alitafuta neno, na lilipomjia alilikuta geni kinywani, maana hakuwahi kulitamka juu yake mwenyewe.

"Baba yake," alisema.